Gari Linalovuta Kulia

Mjini Muscat, lalamiko la gari kuvuta upande ni geni kuliko gari lenyewe. Magari yalikuwapo tangu enzi za Sultani Said bin Taimur, aliyetawala kuanzia 1932 hadi 1970, ijapokuwa yalikuwa ya kuhesabika na mwenye kutaka kuingiza lake alihitaji idhini ya Sultani. Kilichokosekana ni njia. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na lami ya kilomita 10 hivi, upande wa Muscat na Matrah. Kwingineko gari lilipita kwenye kokoto za wadi (mabonde ya mito mikavu), mchanga na majabali. Desemba 1955 Sultani mwenyewe alitoka Salalah kwa msafara wa magari, akakata jangwa hadi Nizwa, safari ambayo mwandishi James Morris aliifuata na kuitungia kitabu. Katika njia za namna ile dereva hana nafasi ya kuusikiliza usukani: jiwe linamsukuma kulia, shimo linamrudisha kushoto, naye anapigana nao mchana kutwa. Ili ujue kwamba gari linavuta, lazima ulilegezee usukani kidogo kwenye mahali tambarare paliponyooka, tena kwa mwendo. Mahali hapo hapakuwapo.

Atatokea wa kusema kwamba Land Rover za zamani zilivuta sana tu, na hakosei. Ila tutazame zilivuta lini na kwa nini. Zilikuwa na ekseli ngumu ya mbele iliyolalia springi za mabapa, na breki za ngoma magurudumu yote. Gari likivuka wadi yenye maji, ngoma zililowa. Upande mmoja ukiwahi kukauka, breki ya upande huo ilishika kabla ya mwenzake na gari likarukia huko. Bolti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli ilisogea, gurudumu moja likatangulia jingine. Fundi hakuhitaji zaidi ya macho, kamba na futi. Kwenye ekseli ile kipimo pekee alichoweza kukirekebisha ni kuelekea ndani au nje kwa magurudumu ya mbele. Mengine kiwanda kilishayafunga. Kwa maneno mengine, gari la wadi lilivuta kwa sababu kitu kimevunjika au kimelowa, na sababu yenyewe ilionekana kwa kuinama tu. Kile kivutano kidogo cha kudumu, kinachomchosha dereva bega moja kutoka Muscat hadi Sohar, hakikuwa na pa kujitokeza.

Kilijitokeza baada ya 23 Julai 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani na barabara zikaanza kutandazwa kuelekea Sohar kwa pwani na Nizwa kwa ndani. Hapa ndipo ninaposhikilia hoja yangu: lami haikufichua tu ugonjwa wa magari, nayo yenyewe ni mshukiwa wa kwanza. Barabara haijengwi sawa kama meza. Huinamishwa makusudi ili maji yateremke pembeni, kwa kawaida sentimita 2 hivi kwa kila mita ya upana, na katika njia moja ya gari tofauti ya kingo mbili hufika karibu sentimita 7. Anayesema nchi ya ukame haina haja ya mwinamo akumbuke Juni 2007, kimbunga Gonu kilipozigeuza barabara za Muscat kuwa wadi. Oman huendesha kulia, kwa hiyo ukingo wa kulia ndio wa chini, na gari zima kabisa hupendelea kulia kidogo. Zanzibar huendesha kushoto na mambo hugeuka. Mtu aliyejifunza udereva Unguja akahamia Muscat, na wengi walihamia katika miaka ile ya sabini, mkono wake ulikuwa umezoea kulizuia gari lisiteremke kushoto. Huku akatakiwa alizuie lisiteremke kulia. Dawa ya kuitenganisha barabara na gari haina gharama: hama njia, au tafuta eneo la maegesho lililo sawa, ulegeze usukani. Kivutano kikipungua au kikigeuka, fundi hana kazi.

Pingamizi kubwa zaidi ni la mashine. Kwa nini tubahatishe, wanauliza wenye pingamizi hilo, ilhali gereji ina alaimenti ya kompyuta inayotoa pembe zote kwa namba? Heshima yake naitambua, maana magari ya leo hayana ekseli ngumu na kila gurudumu lina pembe zake. Gurudumu likikaa matege upande mmoja kuliko mwingine, gari litavuta kweli. Lakini mashine hupima gari lililosimama juu ya sakafu iliyosawazishwa. Haioni barabara. Haioni tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimepinda, wala breki inayokwaruza bila kuachia. Tena pembe inayorekebishwa mara nyingi zaidi, ile ya magurudumu kuelekeana, hula matairi na kupindisha usukani, lakini kwa nadra ndiyo inayovuta. Kiarabu cha magereji ya Ghuba huita kusawazisha magurudumu *tarsis*, kutokana na vile vipande vya risasi vinavyogongewa kwenye rimu. Sikio la Mswahili linaitambua risasi hiyo mara moja. Kusawazisha huko nako ni dawa ya mtetemo, si ya kuvuta, na wengi huilipia bure.

Katika joto la Muscat, linalopita nyuzi 40 kiangazi, baada ya barabara ningeanza na tairi. Pima upepo likiwa baridi, kisha badilishanisha matairi mawili ya mbele, kama mchoro wao unaruhusu: kivutano kikihamia upande wa pili, umemkamata mwizi. Kikitokea ukikanyaga breki tu, nenda kwenye breki. Kisipobadilika kwa lolote, hapo mashine ipewe zamu yake.

Utaratibu huu ulikuwa mgumu kuufuata mahali ambapo magari mengi yalibadilisha mikono, soko la Ijumaa la Wadi Kabir. Mnunuzi aliona bodi inayong'aa na gari likizungushwa kwa mwendo wa mguu kati ya watu, mwendo ambao kwao gari lililowahi kupinda chasisi na lile lisilowahi kuguswa huendeshwa sawasawa. Kilichosema kweli pale kilikuwa chini: tairi lililoliwa ukingo mmoja, na zile tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, ambazo zikionyesha kwamba matairi mawili ya mbele ni mapya na mawili ya nyuma ni makuukuu, humwambia mwenye kuinama kwamba kuna jambo lililofichwa mbele.