Ilimu ya Kutunga na Njia Iliyopitia

Siku niliyotoa somo langu la kwanza la mazoezi ya ualimu, ambalo muda wake wote niliumaliza kwa kuwahesabisha vijana mizani 16 za kila mshororo, 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili, hata pasibaki wasaa wa mmoja wao kunena lililomo moyoni mwake, nilirudi nyumbani na majonzi, nikawakumbuka waliotutangulia.

Zama za Muyaka bin Haji, aliyetunga Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ilimu ya kutunga mashairi ilipokewa kwa masikio, kwa kuhifadhi, na hasa kwa kujibizana, kwa kuwa aliyetupiwa shairi hakuwa na budi kulijibu. Tungo zake zilidumu vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya kwa subira ambayo, kwa rai yangu, hatujaishukuru vya kutosha, nazo zikapigwa chapa kitabuni mwaka 1940. Sheria za kutunga zilizoandikwa na Amri Abedi zilitoka kitabuni mwaka 1954. Kitabu hicho nakitukuza. Lakini kanuni zilikuja baada ya ndimi kuzoea, nami nilikuwa nimezitanguliza.

Somo la pili niliandika ubaoni ubeti mmoja wenye swali, nikaomba majibu. Binti mmoja alisimama akajibu, na mshororo wake wa tatu ulipungua mizani moja. Nilimwomba ausome tena, darasa zima lisikie.