Tawi Lipi la Benki Linazembea?

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie foleni.

Nikiwa mdogo hapa Nyeri, kwenda benki na baba kulikuwa kazi ya siku nzima. Bonasi ya majani chai ikitoka, foleni ilifika barabarani, na ndani makarani wanne wakipekua madaftari. Nilidhani tawi lile ni bovu. Kumbe makao makuu huenda yalilisifu: watu wengi, makarani wachache!

Mwaka 1978 Charnes, Cooper na Rhodes wa Marekani walichapisha hesabu iitwayo kwa kifupi DEA, iliyotokana na kazi ya kupima shule. Mwaka 1985 Sherman na Gold wakaitumia kwa matawi 14 ya benki moja ya akiba. Wazo lenyewe ni zuri: kila tawi linajichagulia uzito wa vipimo unaolipendeza zaidi, kisha linalinganishwa na wenzake kwa uzito huo huo.

Tuseme kuna matawi matatu, kila moja na makarani 4. A, kando ya soko la Karatina, lina miamala 400 kwa siku na amana za milioni 2. B, mjini Nyeri, miamala 100 na milioni 8. C, miamala 200 na milioni 3. Ukipima miamala, B ni la mwisho. Ukipima amana, A ni la mwisho. C halishiki mkia popote, meneja wake analala usingizi mnono. Nilipoiingiza kwenye kompyuta, A na B zilipata 1, C ikapata 0.70! Mchanganyiko wa A na B ungeishinda kwa yote mawili.

Lakini angalia: saa za baba kwenye foleni hazimo. Kinachohesabiwa ni gharama ya benki tu.

Kosa hilo liliwaumiza watu wa huku. Miaka ya 1990 benki kubwa zilifunga matawi ya mashambani na kudai salio ambalo mchuuzi hakuwa nalo. Equity, iliyoanzia Kangema, Murang'a, mwaka 1984, nayo Benki Kuu iliitangaza kuwa imefilisika mwaka 1993. Ikang'ang'ana na hao hao wenye akaunti ndogo, ikaingiza kompyuta mwaka 2000, ikawa benki kamili mwishoni mwa 2004, na 2006 ikaingia soko la hisa la Nairobi. Aliyepima amana kwa kila akaunti angeicheka.

Kisha M-Pesa ikaja mwaka 2007, na 2010 mawakala wa benki wakaruhusiwa madukani. Muamala wa mama wa Karatina ukahamia dukani. Leo programu yangu ingesema A limelala, ingawa mama mwenyewe anahudumiwa upesi kuliko zamani. Nilitaka kuongeza safu ya dakika za mteja, ila katika madaftari yale hakuna aliyeziandika.