Herufi Tano, Irabu Saba: Mipaka ya Tahajia ya Kilatini katika Kikurya

Ikisiri
Makala hii inachunguza jinsi alfabeti ya Kilatini, iliyowafikia wasomaji wa Tarime kupitia Kiswahili, inavyokidhi mahitaji ya irabu za Kikurya. Kwa kulinganisha na uamuzi wa tahajia ya Kisomali wa mwaka 1972, makala inahoji kuwa pengo linalostahili kuzibwa kwanza ni kutoandikwa kwa urefu wa irabu.

Utangulizi
Mtoto wa Nyanungu huzijua herufi a, e, i, o, u darasani kwa Kiswahili, ilhali nyumbani husikia irabu saba. Hata jina la lugha yake halina tahajia moja: wapo wanaoandika Kikurya na wapo wanaoandika Kikuria, nao wenyeji husema Igikuria. Kiswahili, ambacho lahaja yake ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, kina irabu tano, hivyo herufi tano zinakitosha. Utoshelevu huo ndio uliozaa dhana kwamba zinaitosha kila lugha ya Kibantu.

Irabu Saba na Chimbuko Lake
Mame-Bantu ilikuwa na irabu saba. Kiswahili kiliunganisha irabu mbili za juu za mbele kuwa i, na mbili za nyuma kuwa u. Kikurya hakikuziunganisha. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo Mswahili husema mtu na watu, Mkurya husema omonto na abanto: o ya shina ni mrithi wa irabu iliyokuwa chini kidogo ya u. Vilevile, kiambishi ki- cha Kiswahili hulingana na eke- au ege-. Pamoja na e na o hizo za nusu-juu, Kikurya kina ɛ na ɔ za nusu-chini. Anayeandika kwa alfabeti ya Kiswahili huzibebesha herufi e na o mizigo miwili kila moja.

Hata hivyo, sehemu ya mzigo huo hutabirika. Chacha na Odden (1998) wanaonesha kuwa urefu wa kimo cha irabu katika Kikurya huongozwa na kanuni za ukubaliano. Mbele ya irabu ya juu, ege- hupanda na kuwa igi-, kama katika Igikuria, na omo- huwa umu-, kama katika Umukuria. Mabadiliko haya huandikika bila shida kwa i na u.

Urefu na Toni
Penye uzito zaidi ni urefu. Marlo, Mwita na Paster (2014) wanaeleza kuwa mashina ya vitenzi vya Kikurya hayana toni ya kileksika. Njeo ndiyo huamua toni juu ianzie mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina. Katika shina hootootera (liwaza), njeo moja huanzisha toni juu kwenye hóó-, nyingine kwenye hoó-, nyingine kwenye silabi ya pili, hootóó-, na nyingine kwenye hootoó-. Irabu ndefu huhesabiwa mora mbili. Vivyo hivyo, torakaraangá (tunakaribia kukaanga) huipata toni yake kwenye mora ya nne. Ikiandikwa torakaranga, mora moja hupotea na hesabu huvurugika. Msomaji aliyezoea Kiswahili huona karanga za kutafuna.

Funzo la Kisomali
Kisomali ni lugha ya Kikushi, lakini kilikabiliwa na swali lilelile serikali ya Somalia ilipochagua hati ya Kilatini Oktoba 1972. Kila herufi ya irabu huwakilisha sauti mbili tofauti, na tofauti hiyo haikuandikwa. Toni nayo iliachwa: inan ni mvulana au msichana kutegemea mahali pa toni. Urefu ndio ulioandikwa, kwa kurudufu herufi. Sarufi husaidia panapokosekana alama, kwa kuwa inanka ni yule mvulana na inanta ni yule msichana.

Kikurya nacho kina msaada wa namna hiyo. Njeo zilizotajwa hutofautiana pia kwa viambishi, kwa mfano -re- ya wakati ujao na -ra- ya tendo linalokaribia. Toni isiyoandikwa huacha alama nyingine kwenye ukurasa. Urefu usioandikwa ndani ya shina hauachi alama yoyote.

Hitimisho
Kwa hiyo, ukomo tunaousingizia hati ya Kilatini unatokana kwa kiasi kikubwa na kuikopa hati hiyo pamoja na mazoea ya Kiswahili. Kurudufu irabu hakuhitaji herufi mpya wala kitufe kipya, na kungefaa kutangulia mjadala wa ɛ na ɔ, ambao nao hauepukiki. Katika nchi ambamo Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi, Kikurya hakina darasa la kurekebisha makosa ya tahajia. Kisichoandikwa leo, msomaji wa kesho aliyekulia mbali na Tarime hatakuwa na pa kukisikia.