Nyayo za Musa bin Maimun: Kutoka Cordoba hadi Fustat

Njia tunayoifuata inaanzia Cordoba, mji wa Andalusia ulio kando ya mto Guadalquivir. Hapo ndipo Musa bin Maimun alipozaliwa, mnamo mwaka 1138. Baba yake alikuwa kadhi wa Wayahudi wa mji huo, na kwake mtoto alisoma Taurati na Talmudi. Lakini elimu ya Cordoba haikuwa ya dini moja. Mantiki, hisabati, tiba na falsafa ya Aristotle zilisomwa kwa Kiarabu na Waislamu, Wayahudi na Wakristo, na miaka 12 kabla yake alikuwa amezaliwa mjini humo humo mwanafalsafa Ibn Rushd. Wayahudi humwita Musa kwa jina la Rambam. Wazungu humwita Maimonides. Rabi yeyote wa leo anayefundisha dini yake bila kuufumbia macho ulimwengu anaoishi, apende asipende, anapita alipopita yeye.

Mwaka 1148 Cordoba iliangukia mikononi mwa Muwahidun, watawala waliochipuka katika milima ya Atlas huko Morocco. Hawa waliifuta ile nafasi ambayo Wayahudi na Wakristo walikuwa nayo chini ya watawala waliotangulia. Aliyekataa kusilimu ilimbidi ahame au ahatarishe roho yake. Familia ya Maimun ilifunga virago, ikatangatanga Uhispania kwa takriban mwongo mzima, kisha ikavuka bahari na kufika Fez kwenye mwaka 1160 hivi, ambako watawala walikuwa hao hao.

Fez ilikuwa na Wayahudi wengi waliotamka shahada ya Kiislamu kwa kuogopa upanga huku wakisali Kiyahudi majumbani. Rabi mmoja wa ugenini alikuwa amewajibu kwamba watu wa namna hiyo wamekwisha kuritadi na sala zao hazina thamani. Musa, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika barua ya kumpinga. Alisema aliyelazimishwa si sawa na aliyechagua. Kila amri anayoitimiza kwa siri ina ujira wake, naye asiache kusali. Ila akipata njia, ahamie nchi ambako ataishika dini yake hadharani. Hapa ndipo inapoanza tabia iliyomfuata maisha yake yote: Musa aliandika kwa sababu mtu ameuliza, na hakuandika jibu kabla ya kuitazama hali ya muulizaji.

Mwenyewe aliufuata ushauri wake. Mwaka 1165 familia ilipanda chombo hadi Akka, ikazuru Yerusalemu iliyokuwa chini ya Wapiganaji wa Msalaba, kisha ikateremka Misri na kutua Fustat, mji mkongwe ubavuni mwa Kairo. Huko mdogo wake, Daudi, alichukua mzigo wa kuilisha nyumba kwa biashara ya vito, ili kaka yake apate nafasi ya kusoma na kuandika.

Barua ya Daudi ingalipo. Ameiandika karibu mwaka 1170 kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Anasimulia jinsi alivyolivuka jangwa yeye na mwenzake, wakiwa wameachana na msafara wao, na jinsi walivyofika salama ilhali wenzao waliporwa njiani. Bandarini hakukuta bidhaa ya maana isipokuwa nili, basi ameamua kusafiri mpaka India. Inaelekea kuwa safari hiyo hakurudi. Alizama katika Bahari Hindi, bahari ile ile iliyowaleta wafanyabiashara Kilwa na Lamu, pamoja na fedha zake, za kaka yake na za watu wengine. Alimwachia Musa mjane na binti mdogo. Musa aliugua kitandani karibu mwaka mzima, na miaka minane baadaye alikuwa bado akimwandikia rafiki yake wa Akka kwamba huzuni haijamtoka.

Barua hiyo tunayo leo kwa sababu Wayahudi wa Fustat hawakutupa karatasi yenye jina la Mungu, kama vile Mwislamu wa pwani asivyotupa jalalani ukurasa wa msahafu uliochanika. Karatasi zilirundikwa katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra kwa karne nyingi, mpaka msomi Solomon Schechter alipofika mwaka 1896 na kusafirisha vipande zaidi ya laki moja na nusu hadi Cambridge, Uingereza.

Baada ya msiba ule, Musa alitegemea utabibu kupata riziki. Haikuwa dharura tu, kwani alikuwa na msimamo mkali kwamba mwanachuoni asiifanye Taurati kuwa jembe la kulimia. Katika *Mishneh Torah*, kitabu chake cha sheria chenye juzuu 14, alilaani desturi ya wasomi kuishi kwa sadaka za jamii. Wengi waliompinga walikuwa marabi wenzake waliolipwa.

Maswali yaliendelea kuja. Mwaka 1172 swali moja lilitoka Yemen, ambako Wayahudi waliteswa na mtawala wao, na papo hapo akazuka mtu aliyejitangaza kuwa mtangulizi wa Masihi. Musa aliwajibu kwa Kiarabu chepesi ili mkubwa na mdogo waelewe, akiwatia moyo na kuwaonya wasidanganywe. Wasomi wa kusini mwa Ufaransa nao walimuuliza kama nyota huamua maisha ya mtu. Akawajibu kwamba kupima mwendo wa nyota ni elimu ya kweli, lakini kupiga ramli kwa nyota ni upuuzi.

Swali zito kuliko yote lilitoka kwa mwanafunzi wake, Yusuf bin Yehuda, aliyekuwa amehamia mji wa Halab. Yusuf aliiamini sheria, naye alikuwa ameionja falsafa, akashindwa kupatanisha viwili hivyo. Kwa ajili yake Musa aliandika *Dalalat al-Hairin*, mwongozo wa waliotatizika, uliokamilika kama mwaka 1190, kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Maandiko yanapotaja mkono au jicho la Mungu, alifundisha, yanasema na binadamu kwa lugha yake, kwani Mungu hana mwili. Lakini hakumsujudia Aristotle. Aristotle aliposema ulimwengu hauna mwanzo, Musa alikataa kwa hoja kwamba jambo hilo halikuthibitishwa.

Maisha yake ya kila siku tunayajua kutoka katika barua ya mwaka 1199. Asubuhi alikwenda Kairo kuwatibu watu wa kasri, akarudi alasiri akiwa na njaa, na kukuta baraza limejaa wagonjwa Wayahudi na wasio Wayahudi, makadhi na makabwela. Aliwahudumia mpaka usiku, wakati mwingine amejilaza kwa uchovu. Siku ya Sabato jamaa walimjia kusoma.

Alifariki mwaka 1204. Miaka 28 baadaye marabi wa kaskazini mwa Ufaransa walipiga marufuku maandishi yake ya falsafa. Mwanawe Abrahamu, aliyerithi uongozi wa Wayahudi wa Misri, alimtetea kwa kalamu, na yeye mwenyewe alikiri wazi kwamba masufi wa Kiislamu walihifadhi mwenendo wa manabii.

Njia haikukomea Fustat. Mwaka 1937, Rabi Joseph Soloveitchik, mzaliwa wa Ulaya Mashariki na daktari wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Berlin, alianzisha shule mjini Boston, Marekani, akaiita Maimonides. Ndani yake wasichana walisoma Talmudi sawa na wavulana, pamoja na masomo ya kawaida ya shule, jambo ambalo marabi wengi wa wakati huo hawakulizoea.

Waliompiga marufuku Musa waliamini wanailinda mila. Waliofuata nyayo zake ndio walioipeleka mbele, kwa sababu hawakuliogopa swali. Basi mwalimu wa dini, awe rabi, sheikh, padri au mchungaji, tumpime kwa kipimo hicho: kijana mwenye shaka akibisha mlangoni kwake, aondoke na jibu lililofikiriwa, asiondoke na karipio.