Kumkata mtu kwa msumeno: mazingaombwe yaliyotengenezwa na watazamaji

Jumatatu ya Januari 17, 1921, katika ukumbi wa Finsbury Park Empire kaskazini mwa London, mfanya mazingaombwe aliyejiita P. T. Selbit aliwaomba baadhi ya watazamaji wapande jukwaani. Hakuwapandisha wakapambe tu. Aliwapa kazi. Msichana alifungwa kamba mikononi, miguuni na shingoni, akalazwa ndani ya sanduku la mbao lililofanana na jeneza, na ncha za kamba zikapitishwa kwenye matundu. Wale watu wakaambiwa wazishike ncha hizo, wazikaze, wasiziachie mpaka mwisho. Kifuniko kikafungwa. Selbit akachukua msumeno mkubwa wa mkono, akaanza kulikata sanduku katikati.

Sanduku lilikatwa kweli, na unga wa mbao ukamwagika jukwaani. Kamba zilipokatwa na kifuniko kufunguliwa, msichana alitoka mzima, bila hata mkwaruzo.

Ujanja mkubwa wa Selbit ulikuwa kwenye zile kamba. Mtu aliyekaa safu ya nyuma hana namna ya kulikagua sanduku, lakini anaweza kumwamini mwenzake aliyeinuka kwenye kiti cha jirani muda mfupi uliopita. Waliopanda jukwaani walikuwa wajumbe wa ukumbi mzima. Wakikunja nyuso kwa wasiwasi, ukumbi unaingia wasiwasi. Wakiapa kwamba kamba haijalegea, ukumbi unaapa pamoja nao.

Selbit alijua pia kwamba hofu haianzii kwenye kiti. Aliegesha gari la wagonjwa nje ya ukumbi, na kati ya onyesho moja na jingine wasaidizi wake walitoka na ndoo za maji mekundu kama damu, wakayamwaga mtaroni mbele ya wapita njia. Alimwalika hata Christabel Pankhurst, mmoja wa viongozi mashuhuri wa harakati za kudai kura kwa wanawake, awe anakatwa yeye kwa malipo ya pauni 20 kwa wiki. Bi Pankhurst alikataa, lakini mwaliko wenyewe ulitosha kuwapa watu la kusema. Wanawake wa Uingereza wenye umri wa kuanzia miaka 30 walikuwa wamepata kura mwaka 1918, wengi wao kwa masharti ya mali, na mjadala kuhusu nafasi ya mwanamke ulikuwa bado wa moto. Selbit aliuchukua ugomvi uliokuwa mitaani akauingiza ndani ya sanduku.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, Horace Goldin alijifunza somo hilohilo kwa njia ngumu. Mnamo Juni 1921, huko New York, aliwaonyesha wafanya mazingaombwe wenzake mchezo wake wa kumkata mtu. Aliyelala sandukuni alikuwa kijana wa kiume, na mapokezi yakawa ya baridi. Goldin hakuwalaumu watazamaji. Aliurekebisha mchezo: akamlaza mwanamke, kichwa na miguu vikionekana nje ya sanduku, na baada ya kukata akazitenganisha nusu mbili mbele ya macho ya watu. Kisha akaiga mbinu za mtaani, magari ya wagonjwa yakiwa mstari wa mbele. Selbit alipofika Marekani alikuta mwenzake amekwisha kuliteka soko.

Siri nayo haikukaa sana. Goldin alipata hataza ya mchezo wake mwaka 1923, na hataza ni hati ya wazi, yeyote anaweza kuisoma. Mwaka 1933 matangazo ya sigara za Camel yaliuanika mchezo huo magazetini. Goldin alikwenda mahakamani akashindwa, kwa kuwa siri alikwisha kuitoa mwenyewe. Hata hivyo viti havikubaki vitupu. Goldin alikuwa amekwisha kuliacha sanduku na kuanza kutumia msumeno wa duara unaozungushwa na mota, msichana akiwa amelala hadharani. Mtu anayejua kwamba kuna hila bado hushtuka meno ya chuma yanapoteremka kwenye tumbo la binadamu.

Aliyeupeleka mshtuko huo mbali kuliko wote ni P. C. Sorcar, mzaliwa wa Tangail, Bengal. Aprili 9, 1956, alialikwa kwenye kipindi cha Panorama cha BBC, kilichokuwa kikirushwa moja kwa moja. Msichana wa miaka 17 alilazwa mezani, msumeno wa duara ukampitia kiunoni. Sorcar akamwita, hakuitika. Akamsugua mikono, kimya. Akamfunika uso kwa kitambaa cheusi. Hapo mtangazaji Richard Dimbleby akasogea mbele ya kamera, akatangaza kwamba kipindi kimekwisha.

Simu za BBC zilizidiwa. Watu waliamini wameona mauaji sebuleni kwao. Shirika lilieleza kwamba Sorcar alikuwa amepitiliza muda wake, lakini waliomfahamu walijua kwamba hakuwa mtu wa kukosea dakika.

Tangu Finsbury Park, mchezo huu ulikuwa na hatua mbili: watu watiwe hofu, kisha waondolewe hofu. Makofi ndiyo pumzi ya mtu aliyeambiwa kwamba msiba haupo. Selbit na Goldin walitoa vyote viwili ndani ya ukumbi mmoja. Sorcar alitoa hofu peke yake, na watazamaji waliokosa mahali pa kuitua wakakimbilia simu.

Asubuhi yake magazeti yalikuwa na habari moja kubwa: msichana yu salama. Sorcar alikuwa amekodi ukumbi wa Duke of York's kwa wiki tatu, na kabla ya hapo tiketi zilikuwa zikisuasua. Sasa zilikwisha. Walionunua walikwisha kusoma kwamba hakuna aliyekufa, na walijua kwamba ni kiini macho. Walichokuwa wakilipia ni ule mwisho ambao televisheni iliwanyima.