Krismasi na Swali la Jirani Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Bute, mji wa Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, ni mji wa Waislamu. Wakristo waliopo ni hasa walimu, polisi na watumishi wengine wa umma kutoka bara, na shule zikifungwa Desemba wengi hupanda basi kurudi kwao. Krismasi ya huku huanzia barabarani. Maana yake, nadhani, inasomeka vizuri zaidi huko kuliko katika mahubiri tuliyoyazoea ya kulaani ununuzi wa sikukuu.

Tarehe 22 Novemba 2014, wapiganaji wa Al-Shabaab waliteka basi lililotoka Mandera, kaunti jirani, kwenda Nairobi. Abiria wasio Waislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lilimiminiwa risasi likielekea Mandera. Amri ilikuwa ile ile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha Wakristo mitandio yao, na wauaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Wawili waliuawa. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa kutengana na wenzake. Alifariki Nairobi Januari 2016.

Wakristo wengi waliona hapo Msamaria mwema, na si makosa, ila mfano huo husomwa nusu. Katika Luka 10 mwanasheria anataka kujua jirani yake ni nani, yaani wajibu wake uishie wapi. Yesu anamgeuzia swali: nani aliyekuwa jirani wa yule majeruhi? Jibu ni mtu wa dini iliyodharauliwa. Tena Msamaria habadili dini mwishoni. Anafunga majeraha, analipia nyumba ya wageni, anaondoka akiwa Msamaria vile vile. Kwa hiyo kumwita Salah Farah Mkristo asiyejijua, kama teolojia fulani inavyopenda, ni kumnyang'anya imani iliyomsimamisha pale.

Annalena Tonelli, Mkatoliki kutoka Forlì, Italia, alilielewa hilo mapema. Huko Wajir, miaka ya 1970, aliwatibu wafugaji wenye kifua kikuu. Mfugaji hakai wodini miezi mingi, basi wagonjwa wakawekwa kwenye manyatta karibu na kituo, wakimeza dawa mbele ya mhudumu hadi tiba iishe. Hakuhubiri. Baada ya mauaji ya Wagalla, Februari 1984, ambako askari wa Kenya waliwaua Wasomali huko Wajir, aliwahudumia majeruhi na kusaidia habari zifike nje ya nchi. Ikambidi aondoke Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, bado akitibu Wasomali.

Lakini mifano hii isigeuzwe fimbo. Baada ya mauaji ya 2014, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi. Mwaka 2020, walimu wengine walipouawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu iliwaondoa wengi, na watoto wa Kiislamu wakabaki na madarasa bila mwalimu. Hasara hiyo ni kubwa, na kanisa linapaswa kuihesabu kuwa yake pia. Hata hivyo, anayemlaumu mwalimu aliyeomba uhamisho amesoma Luka akaruka Mathayo 2, ambako Yosefu, katika simulizi ile ile ya Krismasi, anamchukua mtoto na mama yake usiku kukimbilia Misri.