Mayai Yaliyofiwa na Mama

Msomaji mpenzi, ukisafiri katika nchi ya Migori utafika mji uitwao Awendo. Kwa Kijaluo neno hilo ni jina la kanga, yule ndege mwenye madoadoa meupe. Ukivuka kuingia Homa Bay, katika nyasi ndefu za Bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Taifa ya Ruma, waweza kumwona ndege mwenyewe. Kanga ni mwenyeji wa Afrika tangu kale. Kuku ni mgeni: asili yake ni Asia, naye aliletwa kwetu kwa biashara na safari za watu. Basi sikiliza jinsi mgeni alivyopata kuwa mlezi wa watoto wa mwenyeji.

Kanga jike hutaga chini, mafichoni kati ya nyasi, kisha huatamia kwa siku 26 hadi 28. Nguchiro akimwua, au panga la mkata nyasi likimpata, mayai hubaki peke yake. Je, yamekufa? Si lazima. Ikiwa mama alikuwa hajaanza kuatamia, uhai uliomo umelala tu, nao waweza kungoja siku kadhaa. Lakini yakiisha kupata joto lake, kisha yakapoa kwa muda mrefu, kifaranga hufa.

Swali la kuangua mayai bila mama liliwashughulisha watu zamani sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wamisri waliyafukia mayai katika samadi, yakaanguliwa kwa joto lake. Baadaye Wamisri walisifika kwa tanuri zao za kuangulia. Mwaka 1749 Mfaransa Réaumur alitoa kitabu juu ya kazi hiyo hiyo. Mashine za leo, zenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi, ni wajukuu wa tanuri hizo.

Mkulima asiye na mashine humtumia kuku anayeatamia. Hapo ndipo hesabu hutakiwa. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Ukiyachanganya na ya kanga siku moja, vifaranga vya kuku vitatoka kwanza, mama atavifuata, na mayai ya kanga yatapoa. Hivyo yatafiwa na mama mara ya pili. Kwa hiyo mwenye busara humpa kuku mayai ya kanga peke yake, au hutanguliza ya kanga kwa juma moja.

Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Vifaranga vya kanga huuawa upesi na baridi na umande. Yafaa vikae pakavu katika majuma ya kwanza. Tena kanga wa porini analindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2013, na atakaye kumfuga hana budi kupata kibali kwanza.

Basi, msomaji, usimdharau kuku wa uani. Hakuuliza yai lile ni la nani. Alilipa joto, akakaa siku saba kupita desturi yake.